GARI LA NYUMBA NA MASKANI YA MWENYEWE
Sheria za kuandikisha gari nje ya jimbo lako katika nchi ya Marekani

Katika nchi ya Marekani wako watu wengi ambao, wakisha kustaafu kazi, huuza nyumba zao na kuhamia katika magari makubwa yaliyofanywa nyumba. Ndani ya gari la namna hiyo mna kitanda, jiko, choo na tangi la maji, na yaliyo makubwa hufika urefu wa futi 40 na zaidi. Mengine yana injini yake yenyewe, na mengine ni matrela yanayokokotwa na gari jingine. Sehemu kubwa ya magari hayo huundwa katika wilaya ya Elkhart, jimbo la Indiana. Wenye magari hayo hufuata majira ya mwaka: wakati wa baridi huenda kusini kwenye jua, na wakati wa joto hupanda kaskazini.

Bei ya gari moja yaweza kupita dola 200,000, na kodi yake si ndogo. Kwa sababu hiyo watu wengi huuliza: Je, mtu aweza kuandikisha gari lake katika jimbo lisilo lake, mahali ambapo kodi ni ndogo au haipo kabisa? Jibu ni kwamba iko njia ya haki, na iko njia ya hila. Yafaa kila mtu azifahamu zote mbili, maana mwenye kushika njia ya hila aweza kupoteza mali kubwa kuliko kodi aliyoikwepa.

KILA JIMBO LINA DAFTARI LAKE

Mwenyeji wa Kenya amezoea daftari moja la magari kwa nchi nzima. Gari likihama Mombasa kwenda Kisumu halibadiliwi namba. Huko Marekani sivyo. Yako majimbo 50, na kila jimbo lina daftari lake, vibao vyake vya namba, ada zake na kodi zake. Gari lenye namba za jimbo moja huruhusiwa kupita katika majimbo mengine kama mgeni apitavyo. Lakini mgeni akifanya maskani, hapana budi aandikishe gari lake upya. Jimbo la California, kwa mfano, humpa mtu siku 20 tu tangu alipofanya maskani au alipoanza kazi huko.

Kodi za majimbo hazilingani. Tuseme gari limenunuliwa kwa dola 200,000. Katika California kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 7.25, nayo ni dola 14,500. Katika Texas kodi ya magari ni asilimia 6.25, yaani dola 12,500. Katika Florida ni asilimia 6, yaani dola 12,000. Katika South Dakota ni asilimia 4, yaani dola 8,000. Hizi ni kodi za jimbo peke yake, bila kuhesabu nyongeza ambazo wilaya na miji huweza kutoza. Katika Montana hakuna kodi ya mauzo hata senti moja.

NJIA YA KAMPUNI YA MONTANA

Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa biashara ya namna ya pekee. Mtu anayekaa California hawezi kusema kwamba yeye ni mwenyeji wa Montana. Lakini sheria ya Montana humruhusu mtu yeyote, hata kama hajakanyaga huko, kufungua kampuni ndogo, na ada ya serikali ya kuiandikisha haifiki dola 100. Basi yule mtu hufungua kampuni, kampuni ikanunua gari, nayo kampuni ikaliandikisha Montana kwa jina lake. Wako mawakili na maajenti ambao kazi yao ni kutengeneza hati hizo kwa malipo. Mwenye kampuni hupelekewa vibao vya namba kwa posta, akavifunga katika gari ambalo halitafika Montana kamwe.

Serikali ya Montana haikatazi jambo hilo, nayo hupata ada zake. Magari ya nyumba ambayo bei yake ilipita dola 300,000 hutozwa ada ya ziada. Kwa hiyo, machoni pa Montana, hati zile ni halali. Shida haiko Montana. Iko katika jimbo ambalo gari hulala.

Mahakama nazo hazijasema kwa sauti moja. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Louisiana iliamua shauri la mwenyeji mmoja wa jimbo hilo aliyenunua gari la nyumba kwa kampuni ya Montana. Wakusanya kodi walimdai yeye mwenyewe. Mahakama ilisema kwamba kampuni ni mtu wa pekee mbele ya sheria, na kwamba mwenye gari ni kampuni, si yule mtu. Basi akashinda. Watu wengi walioisikia habari hiyo walifikiri kwamba mlango umefunguliwa kwa wote. Walikosea, kwa kuwa hukumu ya mahakama ya Louisiana haiyafungi majimbo mengine.

California, kwa mfano, huangalia zaidi matumizi ya gari kuliko jina lililo katika hati. Gari lililonunuliwa nje ya jimbo na kuingizwa humo kabla ya kutimiza miezi 12 huhesabiwa kuwa limenunuliwa kwa matumizi ya California, ikiwa mnunuzi ni mwenyeji, au ikiwa gari limekaa humo zaidi ya nusu ya muda huo. Hapo hudaiwa kodi ile ile, pamoja na riba na adhabu. Tena polisi wa barabara kuu wa jimbo hilo wana mpango wa kupokea habari kutoka kwa raia juu ya magari yenye namba za kigeni ambayo hulala mtaani siku zote. Jirani ambaye amelipa kodi yake barabara huyaona yale magari kila asubuhi, naye ana sababu ya kutoa habari. Barabara anazozitumia yule mwenye namba za Montana ni zile zile ambazo jirani yake amezilipia.

HATARI KUBWA IKO KATIKA BIMA

Kodi iliyokwepwa yaweza kulipwa baadaye, ingawa kwa uchungu. Jambo la bima ni zito zaidi, na wengi hawalifikiri mpaka siku ya ajali.

Mtu akiomba bima ya gari huulizwa maswali. Je, mwenye gari ni nani? Gari hulala wapi? Ni nani aliendeshaye? Je, ni gari la matembezi, au ndiyo nyumba yake ya kila siku? Kampuni ya bima hupima malipo yake kwa majibu hayo. Mtu akisema kwamba gari hulala Montana, na kumbe liko California mwaka mzima, amesema uongo katika mkataba. Vilevile akichukua bima kwa jina lake mwenyewe, hali gari ni mali ya kampuni, jina la bima na jina la hati hazipatani.

Uongo huo hauonekani wakati wa kulipa bima. Huonekana gari likiungua, au likiumiza watu, maana wakati huo ndipo kampuni ya bima hutuma mtu wake kuchungua hati zote. Ikithibitika kwamba majibu yalikuwa ya uongo, kampuni yaweza kukataa kulipa au kuvunja mkataba. Basi mzee aliyeuza nyumba yake ili anunue gari, akaokoa dola 14,500 za kodi, aweza kujikuta kando ya barabara hana gari wala nyumba, na huku anadaiwa gharama za hospitali za watu aliowaumiza.

NJIA YA HAKI

Lakini wako watu ambao kwa kweli hawana nyumba mahali po pote isipokuwa gari lao. Hawa hawadanganyi wakisema kwamba hawana jimbo la kukaa. Sheria huwataka wachague maskani moja, na majimbo matatu hujulikana sana kwa kuwapokea: South Dakota, Texas na Florida. Majimbo hayo matatu hayatozi kodi ya mapato ya mtu.

Katika South Dakota msafiri wa namna hiyo hutakiwa aonyeshe risiti ya kulala usiku mmoja katika jimbo, na hati ya sanduku lake la barua, kisha atie sahihi tamko la maskani. Akisha kutimiza hayo aweza kupewa leseni ya kuendesha, na kuandikisha gari lake kwa kulipa asilimia 4. Katika Texas, mji mdogo wa Livingston ndiyo makao ya chama cha wasafiri kiitwacho Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, ambacho hupokea barua za wanachama na kuwapelekea popote walipo.

Hata hivyo maskani si sanduku la barua tu. Leseni, bima, daftari la kura, wasia na kodi, vyote hupasa kuelekea mahali pamoja. Aliyechagua South Dakota na huku amebaki na nyumba, leseni na kura katika jimbo la zamani, hakuhama. Jimbo la zamani laweza kuendelea kumdai kodi. Na majimbo yenyewe hubadili sheria: mwaka 2023 South Dakota ilipitisha sheria ya kumtaka mtu awe amekaa siku 30 katika jimbo kabla ya kuandikishwa kupiga kura.

Jambo jingine la kuangaliwa ni matibabu. Wazee waliotimiza miaka 65 wana mpango wa serikali kuu uitwao Medicare, ambao katika hali yake ya asili hutumika katika majimbo yote. Lakini aliye chini ya umri huo mara nyingi hutegemea bima ya jimbo lake, ambayo yaweza kukataa kumlipa daktari wa jimbo jingine isipokuwa kwa hatari ya ghafula. Kwa hiyo jimbo lenye kodi ndogo ya gari laweza kuwa ghali siku ya ugonjwa.

KWA WALIO NA NDUGU MAREKANI

Wako wenyeji wengi wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi Marekani, na baadhi yao, hasa wauguzi, huhama jimbo hadi jimbo kufuata kazi. Hata kama hawana gari la nyumba, kanuni ni ile ile kwa gari lo lote. Yawapasa wakumbuke mambo manne. Kwanza, kuuliza katika ofisi ya magari ya jimbo jipya ni siku ngapi wamepewa kuandikisha gari. Pili, kuiarifu kampuni ya bima mara tu gari linapohamia mahali papya pa kulala. Tatu, kuweka risiti za kodi iliyokwisha kulipwa, kwa kuwa majimbo mengi huipunguza kodi hiyo katika hesabu yao. Nne, kutomsikiliza ajenti anayeahidi kwamba hakuna kodi kabisa, mpaka wamemuuliza kwanza mwanasheria wa jimbo wanalokaa, si wa jimbo linalouza namba.

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Gari la nyumba limeundwa kwa safari ndefu, na mwenyewe huenda amelinunua kwa akiba ya maisha yake yote. Kodi aliyoilipa mahali pa haki humwezesha kulala usiku bila hofu, hata polisi akigonga mlango, hata ajali ikitokea.