Mfupa wa kutengenezwa: Kwa nini chuma pekee hakitoshi?

Umewahi kujiuliza, msomaji, kwa nini daktari wa mifupa hukuwekea chuma mguuni, halafu baada ya mwaka mmoja au miwili akakuita tena akitoe? Swali hili huulizwa sana na wagonjwa wangu, hasa vijana walioanguka na pikipiki, na wengi hudhani kwamba daktari anatafuta pesa za upasuaji wa pili. Sababu mojawapo imo ndani ya mfupa wenyewe.

Mfupa si jiwe. Chukua mfupa wa paja la kuku, uutie ndani ya siki kwa siku kadhaa. Utalegea hata uweze kuupinda, kwa kuwa siki imeyeyusha madini. Mwingine uuchome motoni hadi uwe mweupe, nao utavunjikavunjika kati ya vidole, maana moto umeteketeza nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ni kama nyumba ya udongo: udongo huupa ukuta ugumu, nazo fito huushikilia usiporomoke. Karibu thuluthi mbili za uzito wa mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfati, ya jamii ya haidroksiapataiti. Sehemu iliyobaki ni kolajeni na maji.

Ukakamavu wa kitu, yaani jinsi kinavyokataa kupindika, hupimwa kwa gigapaskali. Mfupa mgumu wa nje una kati ya 7 na 30. Chuma cha pua kina takriban 200, na taitani, ambayo ni afadhali, takriban 110. Kwa hivyo chuma na mfupa vinapofungwa pamoja, chuma ndicho hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Huenda ukasema hilo ni jambo jema. La, hasha! Mfupa usiobeba mzigo hudhoofika, kama alivyoeleza daktari Mjerumani Julius Wolff mwaka wa 1892. Wanaanga nao hurudi duniani mifupa yao ikiwa imepungua kwa sababu iyo hiyo.

Mbona basi tusitumie haidroksiapataiti yenyewe, ambayo hutengenezwa viwandani na ambayo mwili huipokea vizuri? Kwa sababu peke yake ni kauri, na kauri hupasuka kama kikombe kilichoanguka sakafuni. Plastiki aina ya poliethilini nayo haipasuki, lakini ukakamavu wake ni kama gigapaskali 1 tu, na mfupa haushikamani nayo. Mwili huizungushia utando wa kovu, basi.

Profesa William Bonfield na wenzake wa Queen Mary College, London, waliamua kuviunganisha viwili hivyo, wakaiga mfupa wenyewe. Walieleza kazi yao mwaka wa 1981. Unga wa haidroksiapataiti ulichanganywa ndani ya poliethilini, na mchanganyiko uliofaulu, uliopewa jina HAPEX, una asilimia 40 ya unga huo kwa ujazo. Ukizidisha sana unga, kitu kinaanza kuwa chepesi kuvunjika; ukipunguza, kinalegea. Ukakamavu wake ni takriban gigapaskali 4, na daktari anaweza kuuchonga kwa kisu cha upasuaji mgonjwa akiwa mezani.

Kuhusu kukubaliana na mwili, haitoshi kwamba kitu hakina sumu. Chembe za haidroksiapataiti zilizojitokeza juu ya HAPEX huwapa seli za mfupa mahali pa kushika, na mfupa mpya hukua hadi kugusana nazo. Isitoshe, ni lazima kitu kisisagike. Vumbi la plastiki linalotoka katika nyonga bandia huchokoza seli za ulinzi, nazo seli hizo huchochea mfupa wa jirani uliwe, na nyonga ikalegea.

Je, HAPEX inaweza kuchukua mahali pa mfupa wa paja? Haiwezi. Unapotembea, nyonga hubeba zaidi ya maradufu ya uzito wako, na HAPEX ikivutwa hukatika mapema kuliko mfupa. Ilitumiwa pale mzigo ulipo mdogo: kwenye sakafu ya tundu la jicho, na mahali pa vile vifupa vidogo vya sikio vinavyoliwa na usaha wa miaka mingi. (Mzazi, sikio la mtoto linalotoa usaha si jambo la kutiwa mafuta na kusahauliwa!) Kwa pengo kubwa la mfupa, kipande kinachotolewa kwenye nyonga yako mwenyewe bado ndicho kipimo ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho.

Turudi kwa chuma chako. Si kila chuma hutolewa. Kwa watu wazima mara nyingi huachwa kisipowasumbua. Kikitolewa, muulize daktari ni lini utaruhusiwa kubeba mizigo na kucheza mpira, kwani matundu ya skrubu huuacha mfupa dhaifu kwa wiki nyingi. Na kovu likianza kutoa usaha, hata kama ni miaka mingi baadaye, usingoje: rudi hospitalini.