Umeme wa Rufiji, Karabai za Musoma

Tanzania haina kisima kinachotoa mafuta ghafi, na tangu kiwanda cha TIPER huko Kigamboni kiache kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, petroli, dizeli na mafuta ya taa yote yanayotumika nchini huja yakiwa yamekwisha kusafishwa ng'ambo na hushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kwa mkoa wa Mara safari haiishii bandarini, kwa kuwa kutoka Dar es Salaam hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 1,300 za barabara, na lori linaloyaleta mafuta hayo nalo huchoma dizeli njia nzima. Ndiyo sababu bei kikomo, yaani bei ya juu ambayo muuzaji haruhusiwi kuivuka, ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) huitangaza kila mwezi, huwa juu zaidi Musoma, Bunda na Butiama kuliko Dar es Salaam.

Utegemezi huu una historia ndefu, na mtu aliyeubeba mzigo wake wa kwanza alikuwa mzaliwa wa Butiama. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa rais mwaka 1973 nchi zinazouza mafuta zilipopandisha bei, na katika muda wa miezi michache pipa lililokuwa likiuzwa kwa dola 3 hivi likakaribia dola 12. Mwaka 1979 bei ikaruka tena na kuvuka dola 30, wakati ambapo nchi ilikuwa imetoka tu katika vita vya Kagera. Safari hiyo mkonge, pamba na kahawa havikupanda bei kwa kiasi hicho, hivyo ilibidi kuuza mazao mengi zaidi ili kununua mafuta yaleyale, na serikali ikafikia hatua ya kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia mchana ili kuokoa petroli. Pigo hilo lilirudi kwa sura nyingine mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la dunia, bei ya lita ya petroli nchini ikavuka shilingi 3,000 na serikali ikatenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi mmoja.

Jibu kubwa ambalo taifa limelijenga tangu misukosuko ya miaka ya 1970 linabeba jina la mwana huyo wa Butiama. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo wazo lake lilichunguzwa tangu miaka ya 1970 na ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2019, lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, na kwa nyongeza hiyo taifa sasa lina umeme unaozidi mahitaji yake ya kila siku. Hayo ni mafanikio ya kweli, hasa kwa anayekumbuka ukame wa 2006 na wa 2011, maji yalipopungua mabwawani, umeme ukawa wa mgawo na mitambo ya dharura ikakodiwa kwa gharama iliyoiumiza nchi.

Hata hivyo kuna jambo ambalo husahaulika kwa urahisi katika shangwe za megawati. Umeme wa Tanzania tayari ulikuwa ukitokana kwa sehemu kubwa na maji na gesi asilia, ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004, na mafuta yalikuwa yamebaki na nafasi ndogo katika uzalishaji huo. Kwa hiyo kuongeza umeme katika gridi, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha vituo vya kuzalisha na miji, hakupunguzi lita hata moja ya petroli inayoingia bandarini mpaka mashine zinazokunywa petroli hiyo zibadilishwe. Mkoani Mara mashine hizo zinajulikana: pikipiki za bodaboda, injini za boti, pampu za bustani za kando ya ziwa, vivuko vya Musoma kwenda Kinesi na Kisorya kwenda Ukerewe, jenereta za akiba za viwanda vya minofu ya sangara, malori ya pamba ya Bunda, na taa za wavuvi wa dagaa. Kila moja ina njia yake ya kuachana na mafuta, na njia hizo hazilingani kwa urahisi wala kwa gharama.

Taa za wavuvi ndizo zinazostahili kutazamwa kwanza na kwa makini zaidi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka samaki hao hutawanyika na taa hazina nguvu ya kuwakusanya. Kwa miongo mingi chombo cha kazi hiyo kimekuwa karabai, taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu ili mafuta yageuke mvuke na kuwaka ndani ya soksi, kile kitambaa chepesi kinachong'aa kwa joto. Karabai kadhaa huwekwa juu ya maboya na kuachwa zielee, mwanga wake huvuta wadudu na viumbe wadogo wa majini, dagaa hupanda kufuata chakula, kisha wavu huzungushwa chini ya kundi na kuvutwa. Joto kubwa la karabai hupotea hewani bila faida yoyote kwa mvuvi, kwa maana samaki huvutwa na mwanga, wala si na joto, ilhali sehemu kubwa ya nishati iliyomo ndani ya mafuta hutoka kama joto.

Mwaka 2011 gharama ya mafuta ya taa iliongezeka kwa sababu isiyohusiana na uvuvi kabisa. Wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, ambayo yalitozwa ushuru mdogo, na dizeli, mtindo uliopewa jina la uchakachuaji, na serikali ikaukomesha kwa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400 hivi kwa lita. Injini za magari zilinusurika, na hatua hiyo ilikuwa na hoja nzito, lakini mvuvi wa Musoma aliyekuwa akinunua lita kadhaa kila jioni alilipa adhabu ya kosa ambalo hakulitenda.

Mbadala wa karabai upo na umekwisha kujaribiwa ziwani humu. Taa ya LED, aina ya taa inayogeuza umeme kuwa mwanga kwa kupoteza joto kidogo sana, hutumia betri inayochajiwa kwa sola mchana na kuwaka usiku kucha. Huko Mbita, upande wa Kenya, kampuni ya Osram ya Ujerumani na washirika wake walifungua mwaka 2008 kituo cha sola ambako mvuvi alikodi taa iliyochajiwa badala ya kuinunua, na tangu hapo taa za namna hiyo zimeenea katika visiwa na mialo mingi ya ziwa hili. Zilipoanza zilikuwa na kasoro: mwanga wa baadhi ulikuwa hafifu kuliko wa karabai, maji yaliingia ndani, na betri zilichoka mapema, hivyo mvuvi aliyekosa samaki usiku mmoja alikuwa na haki ya kurudi kwenye kile anachokijua. Kasoro hizo za kiufundi zimepungua sana, na kilichobaki ni suala la hesabu. Kwa desturi ya ziwani gharama za mafuta hutolewa kwanza katika mauzo, na kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Ina maana kwamba mafuta hulipiwa na wote kidogo kidogo, hata kwa mkopo wa siku moja, ilhali taa ya sola hununuliwa na mwenye mtumbwi peke yake na kwa mkupuo, ingawa akiba yake itawafaidi wote. Mpango wa kukodisha, au mkopo wa ushirika unaolipwa kwa kukata sehemu ileile ya mauzo iliyokuwa ikienda kwenye mafuta, unaondoa ugumu huo, na hapa ndipo halmashauri na benki zingefanya jambo kubwa kwa fedha kidogo. Lipo pia sharti la kuzingatia, kwamba mwanga usio na gharama unaweza kumshawishi mvuvi kuongeza taa kupita kiasi, na dagaa wakiisha hakuna nishati itakayowarudisha.

Pampu za petroli za bustani hufuata mantiki hiyohiyo, tena kwa urahisi zaidi, kwa kuwa jua linalokausha nyanya ndilo linaloisukuma pampu ya sola, na maji yakihifadhiwa katika tangi hapahitajiki hata betri. Kwenye visiwa ambako nguzo za TANESCO, shirika la umeme la taifa, haziwezi kufika, mfano uko jirani: kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kilipata mwaka 2016 mtandao mdogo wa umeme wa jua wenye betri na jenereta ya akiba.

Bodaboda ni habari nyingine. Pikipiki inayotumia betri imekwisha kuonyesha uwezo wake Kigali, ambako kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 mfumo wa dereva kubadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa ndani ya dakika chache, na milima ya Kigali ni mikali kuliko barabara ya kutoka Bunda hadi Musoma. Mfumo huo hudai vituo vingi vya kubadilishia betri na umeme usiokatika, na hapo ndipo megawati za Rufiji zingepata kazi ya kupunguza petroli moja kwa moja.

Kuhusu nishati za mimea, tahadhari inahitajika zaidi ya shauku. Dizeli ya mimea hupatikana kwa kuchanganya mafuta ya mbegu na alkoholi, kwa kawaida methanoli, pamoja na magadi makali (kostiki soda) ili kuondoa gliserini nzito, na ethanoli ni pombe inayochachushwa kutoka sukari au wanga, ambayo huweza kuchanganywa na petroli. Kenya ilifanya hivyo kwa molasi za Muhoroni katika miaka ya 1980. Mbegu za pamba za Bunda zinaweza kutoa dizeli, na mihogo ya Musoma inaweza kutoa ethanoli. Lakini nchi inayoagiza mafuta ya kupikia kutoka nje haina sababu ya kuyachoma katika injini, na muhogo ndio ugali wa mkoa huu mvua zinapokosekana. Mbono kaburi, mmea uliosifiwa kwamba hustawi kwenye ardhi duni bila kugombania chakula, uliwaangusha waliouamini: mradi wa Sun Biofuels wilayani Kisarawe ulichukua zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji na kuporomoka mwaka 2011, ukiacha wanavijiji bila ajira iliyoahidiwa na bila ardhi yao.

Jikoni nako kuna mkanganyiko unaopaswa kusemwa wazi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, na gesi ya mitungi imekuwa sura yake kuu. Gesi hiyo huokoa mapafu ya mama na misitu, lakini nayo huja kwa meli kama petroli. Mkoa wenye ng'ombe wengi kama Mara una njia ya ziada katika biogesi, gesi inayotokana na samadi iliyochanganywa na maji na kuozeshwa mahali pasipo hewa, ambayo kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeisambaza tangu miaka ya 1980. Sharti lake ni ng'ombe wafungwe zizini na maji yawe karibu, ndiyo maana mradi wa kusukuma maji ya ziwa kutoka Mugango hadi Kiabakari na Butiama una uzito kwa nishati pia, si kwa kunywa tu.

Linabaki suala ambalo wapangaji wa mipango hawawezi kulikwepa. Kila lita ya mafuta inayouzwa hubeba tozo inayojenga barabara, na nyingine inayokwenda Wakala wa Nishati Vijijini (REA) kupeleka umeme vijijini; mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati, likiwemo bwawa la Rufiji na reli ya umeme inayojengwa kuelekea Mwanza. Kwa maneno mengine, petroli ya bodaboda wa Bunda ndiyo iliyolipia nguzo za umeme katika vijiji vya Butiama. Kadiri lita zinavyopungua ndivyo mfuko huo utakavyopungua, na chanzo kingine, iwe ni ada ya matumizi ya barabara au sehemu ya bei ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto, kinapaswa kupangwa sasa, wakati pikipiki za umeme bado ni chache na hakuna atakayeumizwa na mabadiliko hayo.