Nyumba Haikulogwa, Ina Viroboto

Kila Januari, watu wakisharudi mjini kutoka likizo mikoani, barua za wasomaji huleta habari moja. Nyumba ilifungwa wiki tatu au nne. Mbwa au paka aliachwa kwa jirani. Kabla ya safari hakuna aliyekuwa akijikuna. Sasa wamefungua mlango, wametua mabegi sebuleni, na baada ya dakika chache miguu imejaa vipele kuanzia kwenye vifundo kwenda juu. Wanaomjua kiroboto wanauliza ametoka wapi kwenye nyumba isiyo na mnyama. Wengine hawaulizi: wameshaambiwa kwamba nyumba ikikaa tupu huingiliwa, na wameshamlipa mtu aje kuizindika.

Nyumba haikuingiliwa na chochote. Viroboto hao walikuwemo siku mlipofunga mlango, tena wengi kuliko mlivyowahi kuwaona juu ya mbwa wenu, ila walikuwa bado mayai na mabuu.

Kiroboto anayewasumbua wanyama wa nyumbani kwa kawaida ni yule wa paka, Ctenocephalides felis, na ndiye huyohuyo anayepatikana kwa mbwa wengi. Jike akishapanda juu ya mnyama na kunyonya damu huanza kutaga ndani ya siku moja hadi mbili, na akichanganya hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayana gundi. Yanadondoka mnyama anapojikuna, anapojikung'uta, na zaidi pale anapolala: kwenye gunia la mbwa, chini ya kochi, kwenye mkeka wa barazani, kwenye godoro la mtoto anayelala na paka. Wataalamu wa wadudu hawa hukadiria kwamba viroboto wapevu, wale wa kwenye manyoya, ni kama asilimia 5 tu ya ukoo mzima uliopo nyumbani. Asilimia 95 iliyobaki iko sakafuni, na hapo ndipo watu wengi wasipopagusa.

Mabuu wanakula nini huko chini? Jibu ni la ajabu kidogo. Jike mmoja hunywa kwa siku damu yenye uzito wa kama mara 15 ya mwili wake. Hahitaji yote hiyo. Sehemu kubwa inapita tumboni karibu ilivyoingia, inatoka kama kinyesi, inakauka kuwa chembe nyeusi, na kudondoka mahali palepale yalipodondoka mayai. Mama anabaki juu ya mbwa huku akiwamwagia wanawe chakula bila kuwaona. Ndiyo maana ukitaka kujua kama mnyama wako ana viroboto, usihangaike kuwatafuta wenyewe, maana wanakimbia. Chana manyoya ya kiunoni karibu na mkia, chukua zile chembe nyeusi, ziweke juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa maji. Zikitoa rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu. Mchanga hautoi rangi.

Buu hapendi mwanga wala ukavu. Hujichimbia kwenye nyuzi za zulia, kwenye nyufa za sakafu, kwenye vumbi la kivulini, na hewa ikikauka sana hufa. Hii ni sababu mojawapo ya viroboto kuwapenda watu wa Tanga, Mombasa na Unguja. Buu akishiba hujifumia kifukofuko cha uzi laini unaonata, na chochote kilichopo sakafuni hushikamana nacho: mchanga, unywele, vumbi la simenti. Ukikitazama unaona chembe ya uchafu tu. Ndani yake, kwenye joto la pwani, kiroboto hukamilika kwa muda wa wiki moja hivi.

Wadudu wengi wakifika hapo hutoboa na kutoka. Kiroboto anaweza kukaa. Amekamilika, ana miguu, ana mdomo wa kunyonyea, na hatoki. Ana sababu: aliyetoka akakosa damu huishi siku chache tu, akibahatika wiki moja au mbili. Akiwa ndani hatumii nguvu nyingi wala hakauki upesi, na maabarani imeonekana kwamba anaweza kungoja zaidi ya siku 100 pakiwa na ubaridi na unyevu wa kutosha. Anachongoja ni mgandamizo na joto, yaani dalili kwamba kiumbe chenye damu kimekanyaga au kimelala juu yake. Akiipata hachelewi: kwa wengine ni sekunde, kwa wengine dakika.

Sasa irudie safari yenu. Mlipokuwapo nyumbani, viroboto walikuwa wakitoka wachache wachache kila siku na kumrukia mbwa, ambaye ana manyoya, yuko chini na ana joto kuliko ninyi. Hamkujua. Mlipofunga mlango, mayai yaliendelea kuanguliwa, mabuu wakaendelea kula damu kavu iliyokwisha mwagwa, vifukofuko vikaongezeka, na hakuna mguu uliopita kuwaamsha. Kikosi kizima kikakamilika na kunyamaza. Kisha mkaingia watu watano na mabegi.

Ukilielewa hili utamwelewa pia yule muuzaji wa dawa anayepita mitaani na kipaza sauti chenye tangazo lililorekodiwa, likitaja kunguni, mende, siafu, panya na viroboto kwa pumzi moja. Ninakiri sina subira naye. Chupa yake ilikuwa ya maji ya kunywa, haina lebo, na ndani kuna kiuatilifu cha shambani kilichopunguzwa kwa kipimo cha macho. Anapuliza, viroboto waliokwisha toka wanakufa, nyumba inatulia siku mbili, anasifiwa. Lakini waliomo ndani ya vifukofuko hawakuguswa. Wanaendelea kutoka kwa wiki mbili, tatu, pengine zaidi. Mteja anarudi analalamika, naye ana jibu tayari: viroboto wenu ni sugu, mnahitaji ile kali. Biashara yake imejengwa juu ya kifukofuko hicho, hata kama hajui kwamba kipo. Daktari wa mifugo aliyetoa dawa halali naye hulaumiwa kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa mwenye mbwa aliona viroboto wapya siku ya tano akaamua dawa ni feki.

Na watoto wanatambaa kwenye sakafu hiyo. Tanzania, viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chupa isiyo na jina la kemikali, kipimo na namba ya usajili haifai kuingia ndani, hata ikiuzwa kwa bei ya karanga.

Kuna jambo moja halihusiani na tiba lakini siwezi kuliacha. Misuli ya kiroboto haiwezi kumrusha kama anavyoruka. Ni mizito mno kwa kasi ile. Mwaka 1967 watafiti wawili, Bennet-Clark na Lucey, walionyesha kwamba kabla ya kuruka anakandamiza kipande cha protini inayovutika kama mpira, iitwayo resilini, anakifunga, kisha anakiachia kwa mara moja, na anakuwa ameshaondoka ardhini kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Iliyobaki ilikuwa hoja ya nguvu hiyo inapitia wapi kufika chini. Hoja hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40, hadi mwaka 2011 Sutton na Burrows wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipompiga picha kwa kamera za kasi na kuona kwamba anasukuma kwa ncha za miguu, wala si kwa goti. Mdudu wa milimita mbili, na watu wazima walibishana miongo minne. Naona walifanya vyema.

Turudi kwenye yale yanayoulizwa bila kukoma. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari vinaunguza ngozi ya mbwa, na anapojilamba vinaingia tumboni na kuharibu mapafu akivivuta. Kitunguu saumu, kinachosifiwa kwenye makundi ya simu, kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na za paka zaidi, na viroboto hawakijali. Naftalini za kabatini ni sumu kwa wote wawili. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kufukuza wadudu kwa sauti isiyosikika vilipimwa kwa viroboto na havikufanya kitu; mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwa madai yasiyo na ushahidi. Huku bado vinauzwa kwenye taa za barabarani. Na dawa ya josho ya amitrazi, ambayo watu wengi humwogeshea mbwa kwa kuwa inaua kupe wa ng'ombe, inaua kupe kweli. Kiroboto inamwacha. Kwa paka ni hatari.

Kiroboto haambukizi Ukimwi. Virusi vyake havizaliani ndani ya mdudu, vinameng'enywa pamoja na damu. Swali hili linakuja kila mara na jibu halijabadilika.

Lakini magonjwa anayo. Mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya, akicheza na mbwa, anaweza kupata minyoo ya tegu aina ya Dipylidium, ile inayoonekana kwenye kinyesi kama punje za mchele zinazojongea. Bakteria Rickettsia felis, wanaosababisha homa, wamepatikana Kenya kwa viroboto na kwa wagonjwa, na homa ya namna hiyo ni rahisi kudhaniwa malaria. Kisha kuna tauni. Paul-Louis Simond alionyesha mwaka 1898, akiwa Karachi, kwamba kiroboto wa panya ndiye anayeihamisha, na wenzake wengi hawakumwamini kwa miaka kadhaa. Hapa kwetu, Lushoto ilianza kuugua tauni mwaka 1980 na milipuko ikajirudia kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo panya wakijaa ndani, anza na viroboto ndipo uwaendee panya. Panya aliyekufa anapoa, na viroboto wake wanahamia kwenye mwili wa karibu wenye joto.

Cha kufanya si kingi. Wanyama wote wa nyumba moja wapewe dawa siku moja, wakiwemo wasiojikuna: ya matone shingoni kama fipronili au imidaklopridi, au kidonge cha kundi la fluralaneri, kwa uzito na umri alioupima daktari wa mifugo. Rudia kwa wakati uliopangwa, angalau miezi mitatu mfululizo. Matandiko ya mnyama yachemshwe au yafuliwe kwa maji ya moto sana kila wiki. Kochi livutwe, zulia litolewe nje lipigwe na kuanikwa juani, sakafu ifagiwe kila siku hadi pembeni na kupigwa deki kwa maji ya sabuni. Sabuni ina kazi, kwa sababu kiroboto huelea kwenye maji matupu. Usiogope wakizidi kutoka unapofagia. Ndicho unachotaka, watoke wafe. Ukipuliza dawa ndani, tafuta yenye piriproksifeni au methopreni, ambazo zinaiga homoni ya mdudu na kumfanya buu asiwe mpevu kamwe. Uani, achana na sehemu yenye jua la mchana. Mabuu hawaishi hapo. Nenda chini ya gari bovu, chini ya ngazi, kwenye kivuli mbwa anapochimba shimo lake. Beseni la maji ya sabuni chini ya taa usiku litakuonyesha kama wanapungua, lakini halitawamaliza. Wale walioganda kwenye vichwa vya kuku, kuzunguka macho, ni aina nyingine na wanahitaji tiba yao.

Na hili naliandika peke yake. Dawa ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka. Ini la paka haliwezi kuivunja, naye hutetemeka, hupata degedege na anaweza kufa. Matone machache yanatosha. Soma chupa kabla ya kumgusa.

Swali la mwisho ni la wale waliokwisha mpeleka mbwa kwa shangazi kijijini, wakidhani wameondoa chanzo, na sasa wanaumwa kuliko mwanzo. Ndivyo inavyokuwa. Mbwa ndiye aliyekuwa akiwabeba viroboto wanaotoka sakafuni. Akiondoka, wanaopatikana ni ninyi. Mrudisheni nyumbani, apewe dawa ya kweli, alale palepale alipozoea kulala. Kila kiroboto atakayetoka kwenye kifukofuko atamrukia yeye na kufa kabla ya kutaga, na baada ya wiki kadhaa hakutakuwa na mwingine wa kutoka.