Kiingereza cha Mwanzo kwa Ndugu Zetu Walioko Uingereza

Lugha ni kama mlango wa nyumba. Asiyejua mlango ulipo huzunguka ukutani mchana kutwa, ingawa waliomo ndani hawakumkataza kuingia. Ndiyo hali ya wengi katika ndugu zetu wa Unguja, Mombasa, Barawa na visiwa vya Wabajuni waliohamia Uingereza. Wengine baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, wengine baada ya kuanguka serikali ya Somalia mwaka 1991. Walifika na adabu njema, na kazi za mikono, na pengine Kurani nzima kifuani. Lakini mbele ya karani wakawa kama mabubu.

Kwa ajili ya watu kama hawa, vyuo vingi vya huko hufundisha Kiingereza cha mwanzo kwa watu wazima ambao lugha yao ya kuzaliwa ni nyingine. Mwaka 2001 ulitolewa mtaala wa masomo haya kwa England, nao una daraja tatu za mwanzo, kisha mbili za juu yake. Katika daraja la kwanza mwanafunzi hujifunza kutaja jina lake herufi kwa herufi, kusema anakokaa, kutazama saa na kujaza fomu fupi. Katika la pili huweza kueleza yaliyopita na kuandika ujumbe mfupi. Katika la tatu huandika barua na kutoa hoja yake. Utaratibu huu si mgeni kwetu. Mtoto wa madrasa huanza kwa alifu, akajua irabu, akaunganisha herufi, ndipo akatiwa katika Juzuu Amma. Arukaye daraja huanguka.

Msemaji wa Kiswahili ana mazito yake katika kazi hii. Kiswahili husomwa kama kiandikwavyo, Kiingereza sivyo. Herufi nne "ough" zina sauti moja katika "though", nyingine katika "through", na nyingine kabisa katika "cough". Sisi twasema "amekuja", mume na mke sawasawa. Wao hutenga "he" kwa mume na "she" kwa mke, na mgeni humwita mamake kama aitavyo baba. Saa nazo ni mtihani. Saa yetu huhesabiwa tangu macheo, basi saa tisa yetu ya alasiri ndiyo "three" yao. Mtu aliyeagizwa kwa daktari "three" akadhani ni saa tatu yetu ya asubuhi, hukaa akingoja saa sita nzima.

Lakini ana na wepesi wake. Sauti inayowashinda wageni wengi, ya kutia ulimi baina ya meno, yeye anayo tangu utotoni. Aliyefundishwa kutamka "thelathini" na "dhahabu" kwa makharij yake hana taabu na "think" wala "this". Hii ni faida ya madrasa ambayo wengi hawakuitambua.

Sasa na tutazame hasara ya kutojifunza, maana humo ndimo yalimo maumivu. Mama aumwaye humchukua mwanawe wa miaka kumi awe mkalimani kwa daktari. Je, atayataja mbele ya mtoto maradhi yake ya siri? Atanyamaza, na ugonjwa utazidi. Na mtoto akikosea kusema dawa ni mara ngapi kwa siku, nani atamsahihisha? Tena huja barua ya mwalimu inayomshitaki mtoto huyo huyo kwa utovu wa nidhamu, naye ndiye msomaji wake kwa baba! Nyumba ambayo mtoto peke yake ndiye ajuaye yanayosemwa nje, hiyo imegeuka. Mdogo amekuwa mkubwa.

Na jambo hili lawahusu hata walio huku pwani. Tangu Novemba 2010, mume au mke atakaye kumfuata mwenziwe Uingereza hutakiwa, katika hali nyingi, kuonyesha kwanza kwamba ajua Kiingereza cha mwanzo. Basi kijana anayeposa au kuposwa huko asingoje tiketi ndipo afungue kitabu.

Wako wasemao kuwa lugha hii itawaharibia wake zao dini. Twawajibu kwa Zaid bin Thabit, kijana wa Madina, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwamrisha kujifunza maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda upatao nusu mwezi. Kujifunza kwake hakukumtoa katika dini; yeye ndiye baadaye aliyekabidhiwa kazi ya kukusanya Kurani. Na mke akijifunza, mume asiseme watoto watabaki na nani. Na akae nao yeye, ni watoto wake pia.

Wako na wazee waonao haya kuketi darasani pamoja na vijana. Hao twawaambia: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aibu ya darasani ni ya siku chache. Kutojua ni kwa umri mzima.

Lakini twawaonya na wale waliokimbilia upande wa pili, ambao Kiingereza kimewaingia hata sebuleni, watoto wao wasiweze kumwamkia bibi yao kwa simu. Mwacha asili ni mtumwa. Kiingereza na kiwe cha sokoni, shuleni na kwa daktari. Kiswahili na kibaki cha nyumbani, cha hadithi na cha kumtuliza mtoto alalapo. Moyo wa binadamu wachukua lugha mbili bila ya kupasuka.

Basi mwenye jamaa huko na amwandikie, amwulize: Je, umekwisha jiandikisha? Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika elimu yenye manufaa, na azihifadhi nyumba zetu popote zilipo. Amin.