Onyo Linaloishia Njiani

Toleo la 3.13 la lugha ya programu ya Python lilitoka tarehe 7 Oktoba 2024 likiwa na mengi ya kutia hamu. Dirisha la kuandikia maagizo lilipata rangi, na likamruhusu mtu kurudi nyuma kusahihisha mistari kadhaa kwa mkupuo. Lilikuja pia jaribio la kwanza rasmi la kuiendesha lugha hiyo bila lile kufuli kuu ambalo tangu zamani huzuia nyuzi mbili za programu moja kufanya kazi kwa wakati mmoja. Lakini ukiyasoma maelezo ya toleo hilo ukashuka chini, ukayapita hayo yote, utakuta orodha ya moduli 19 zilizotolewa kabisa katika maktaba ya msingi. Programu iliyokuwa ikiitegemea mojawapo ya hizo, ikiendeshwa kwa toleo jipya, inasimama palepale na kusema moduli haipo.

Hapa Afrika Mashariki orodha hiyo inatugusa kuliko rangi za dirisha. Programu nyingi zinazotuendeshea kazi za kila siku hazina kampuni kubwa nyuma yake. Ni skripti iliyoandikwa na kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo, ikawekwa kwenye seva ya shule, ya chama cha akiba na mikopo au ya zahanati, ikawa inatoa ripoti kila asubuhi. Kijana akamaliza mkataba wake na kwenda zake. Skripti inabaki ikifanya kazi bila mwenyewe. Siku seva inapowekewa mfumo endeshi mpya, Python nayo inapanda toleo, na ripoti haitoki.

Chukua telnetlib, mojawapo ya hizo 19. Mafundi wa mitandao waliitumia kuingia kwenye ruta na swichi na kuzipanga kwa wingi: skripti moja inazunguka vifaa mia, inatuma nenosiri, inabadilisha mipangilio, inaondoka. Itifaki yenyewe, Telnet, hupitisha kila kitu wazi mtandaoni, nenosiri likiwemo, kwa hiyo yeyote anayesikiliza katikati ya njia analisoma. Kuna SSH inayoficha mawasiliano hayo, na imekuwepo tangu 1995. Sababu ya kuiondoa telnetlib basi ni ya haki kabisa. Ila vifaa vya zamani visivyojua lugha nyingine ila Telnet bado vipo kwenye kabati za mitambo, na fundi anayevitunza hana bajeti ya kuvibadilisha mwaka huu.

Nyingine ni cgi, iliyobeba tovuti za mwanzo mwanzo. Kwa utaratibu wake, kila mgeni anapobofya kitufe seva huanzisha programu nzima upya kwa ajili yake peke yake, kisha huifunga. Crypt ilihusu kuvuruga manenosiri kwa mbinu ambazo nyingine zilikwishapitwa na nguvu za kompyuta za leo. Imghdr ilitazama baiti za mwanzo za faili na kukisia kama ni picha ya JPEG au PNG. Miongoni mwa zilizobaki zimo za miundo ya sauti na mashine zilizokwisha sokoni, na sitazipotezea muda.

Zilifikaje humo? Guido van Rossum alipotoa toleo la kwanza la hadharani mwaka 1991, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CWI huko Amsterdam, hakukuwa na ghala la mtandaoni ambalo mtu angechota moduli kwa amri moja. Python ikajijengea sifa ya kuja na kila kitu ndani, betri zake zikiwemo, kama wenyewe walivyopenda kusema. Ukiisha kuiweka, unaweza kusoma barua pepe, kufungua faili za zip, kuhesabu tarehe na kuzungumza na seva bila kupakua kitu kingine. Naamini kabisa kwamba ukarimu huo ndio ulioifanya lugha hii ipendwe na walimu, na mahali ambapo mwanafunzi ananunua intaneti kwa kifurushi cha siku, ukarimu huo una thamani isiyoonekana kwa mtu wa Ulaya mwenye waya wa kasi nyumbani.

Ila kila moduli iliyomo lazima itunzwe na mtu, na wanaoitunza Python wengi hufanya hivyo kwa kujitolea. Moduli isiyo na mlezi haikai salama kwa sababu tu haiguswi. Kasoro za kiusalama huvumbuliwa ndani yake kama kwingine. Ndiyo hoja ya waraka unaojulikana kama PEP 594, ulioanzishwa na Christian Heimes na baadaye kubebwa pamoja na Brett Cannon. Waraka ulijadiliwa hadharani mwaka 2019, ukakubaliwa mwaka 2022, moduli zikapewa notisi katika toleo la 3.11 mwezi Oktoba mwaka huohuo, na kuondoka ikawa 3.13. Ndani yake kuna jambo moja linalonifurahisha: moduli ya wave, inayosoma na kuandika sauti za WAV, iliachwa. Muundo wa WAV ungali unatumika, na waraka unataja pia kwamba wave hutumika kufundishia watoto namna ya kuifanya kompyuta itoe sauti. Kwenye orodha ya kufuta, kumbe kulikuwa na mtu aliyemfikiria mtoto wa darasani.

Tahadhari hii yote ina historia yenye maumivu. Tarehe 3 Desemba 2008 ilitoka Python 3.0, ambayo kwa makusudi haikuelewana na Python 2. Hata agizo la kuchapa neno kwenye skrini lilibadilika na kudai mabano, na namna ya kushughulikia maandishi ikageuzwa tangu msingi. Watunzaji walitarajia watu wahame kwa miaka michache. Haikuwa hivyo. Mwisho wa Python 2 uliopangwa kuwa 2015 ukasogezwa hadi 1 Januari 2020, na toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, likatoka Aprili mwaka huo. Zaidi ya miaka kumi na moja, jamii moja iliishi na lugha mbili, na kila mwandishi wa maktaba alilazimika kuzihudumia zote. Baada ya hapo uamuzi ulikuwa kwamba mabadiliko yaje kidogo kidogo, toleo jipya kila Oktoba, kila toleo likitunzwa kwa miaka mitano, na kitu kinachoondolewa kipewe notisi kwa matoleo yasiyopungua mawili.

Kwenye karatasi utaratibu huo ni wa kistaarabu. Tatizo, na ndilo linalonifanya niandike, ni njia ambayo notisi hupita.

Programu inapotumia kitu kilichopewa notisi, Python hutoa onyo maalumu liitwalo DeprecationWarning. Lakini tangu matoleo ya 2.7 na 3.2, onyo hilo limezimwa kwa kawaida. Nia ilikuwa njema: mtumiaji wa programu asisumbuliwe na maneno yanayomhusu aliyeiandika. Mwaka 2018, toleo la 3.7 lilirudisha sauti kidogo, onyo likaonekana pale msimbo wenye kasoro ukiwa kwenye faili lile lile unaloliendesha moja kwa moja. Ukiwa ndani ya maktaba au faili lingine lililoitwa, kimya. Na skripti inayojiendesha yenyewe saa kumi na moja alfajiri hata ikionya, maneno yake yanaingia kwenye faili la kumbukumbu ambalo hakuna anayelifungua. Ni sawa na mwenye nyumba kubandika notisi ya kuhama ndani ya kabati la chumba asichokaa mtu. Miaka miwili imetolewa kwa ukamilifu, na aliyepewa hakujua kama saa inakwenda.

Dawa ipo na haina gharama. Ukiiendesha programu yako kwa kuongeza -X dev au -W default kwenye amri, maonyo yaliyofichwa yanajitokeza, kila moja na namba ya mstari wake. Ukiweka -W error, kila onyo linageuka kuwa kosa linalosimamisha kazi, jambo linalofaa sana kwenye majaribio kabla ya kupandisha toleo. Chombo cha majaribio cha pytest huorodhesha maonyo hayo mwishoni bila kuombwa. Mwalimu anayefundisha Python muhula mzima bila kuonyesha amri hizi amewanyima wanafunzi wake kitu cha maana, kwa sababu wao ndio watakaoachiwa skripti za watangulizi wao.

Na si kila notisi inahusu vitu vya makumbusho. Iko moja inayotuhusu sisi tunaoishi saa tatu mbele ya saa za dunia za UTC, yaani Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Katika toleo la 3.12 la Oktoba 2023, ilipewa notisi kazi ya utcnow, ambayo hutoa saa ya UTC bila lebo yoyote inayosema kwamba ni UTC. Ukiichukua saa hiyo tupu na kuitaka iwe namba ya sekunde kwa kuiita timestamp, Python hudhani ni saa ya hapo ulipo, na inaondoa saa tatu kwa mara ya pili. Malipo yaliyofanyika saa tisa alasiri yanaandikwa kuwa ya saa sita mchana. Yaliyofanyika saa nane usiku yanarudi saa tano usiku wa siku iliyopita, na kama siku hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, hesabu za miezi miwili hazilingani.

Ubaya zaidi, kasoro hii hujificha. Kwenye seva ya kukodi iliyo ughaibuni ambayo saa yake imewekwa kwa UTC, tofauti ni sifuri na kila kitu kinaonekana sawa. Hamishia programu ileile kwenye kompyuta ya ofisi ya Mwanza na saa tatu zinapotea. Tiba ni kuandika datetime.now(timezone.utc), ambayo huibeba lebo yake popote iendapo. Lakini ukibadilisha nusu ya msimbo na kuacha nusu, Python itakataa kulinganisha saa yenye lebo na isiyo nayo, na itasimama. Kwa hiyo kazi hii hufanywa yote kwa pamoja, siku ya utulivu, na si usiku wa kufunga hesabu. Utcnow bado inafanya kazi, na haijapangiwa tarehe ya kufutwa. Hapo ndipo notisi inapokuwa zawadi kwa anayeisoma.

Mara nyingi wala huchagui wewe kupandisha toleo. Ubuntu 22.04 ilikuja na Python 3.10, na Ubuntu 24.04 ikaja na 3.12, ambamo distutils, chombo kilichotumika miaka mingi kusakinisha maktaba, kilikuwa kimeondolewa. Debian 12 ina 3.11, Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ina 3.13. Aliyehama kutoka Debian moja hadi nyingine bila hata kuitaja Python amevuka mstari wa zile moduli 19. Baadhi yake zimehifadhiwa na watu wema kama vifurushi vya kupakuliwa, mfano legacy-cgi na audioop-lts, na kwa aliyekwama hizo ni daraja la kuvukia hadi apate nafasi ya kuandika upya.

Wanaotunza lugha hii husikia wakiambiwa mapema. Toleo la 3.9 lilipokuwa likiandaliwa, majina ya zamani kama collections.Mapping yalikuwa yafutwe. Maktaba nyingi zikavunjika kwenye majaribio, na ufutaji ukasogezwa hadi 3.10. Kwa 3.13 yenyewe, kazi kadhaa za ndani za lugha ya C zilizokuwa zimeondolewa zilirudishwa kabla ya toleo kamili, baada ya wenye maktaba kueleza kwamba wanazitegemea. Siku chache kabla ya kutoka, mfumo mpya wa kusafisha kumbukumbu ya kompyuta nao uliondolewa, na toleo likachelewa wiki moja kwa ajili hiyo. Sauti zinazosikika ni za waliolijaribu toleo la majaribio kati ya Mei na Septemba na kutoa taarifa. Matoleo hayo ya majaribio hutolewa bure kwa yeyote. Natamani vyuo vyetu vya kompyuta viyafanye kuwa kazi ya muhula: chukua mfumo wa chuo, uendeshe juu ya toleo lijalo, andika kilichovunjika, wapelekee wenyewe.

Kazi ya kuanzia ipo tayari. Toleo la 3.15, linalopangwa kutoka Oktoba 2026, litasoma na kuandika mafaili ya maandishi kwa mfumo wa UTF-8 kila mahali usipotaja mfumo mwingine. Leo kwenye Windows nyingi zilizowekwa kwa Kiingereza, Python hutumia mfumo wa zamani uitwao cp1252. Kiswahili kina herufi chache za kutatiza, ila angalia ile alama katika ng’ombe na ng’ambo: ikiandikwa kwa mkunjo, kama Word inavyopenda, faili la UTF-8 likisomwa kwa cp1252 hutoa ngâ€™ombe, na wengi tumeyaona hayo kwenye orodha za majina. Mabadiliko yataondoa uchafu huo. Ila mafaili ya miaka iliyopita yaliyohifadhiwa kwa cp1252, yakiwa na alama hiyohiyo, yatakataa kusomwa, na programu itasimama kwenye jina la kwanza la Ng’wandu au Ng’ang’a. Tangu toleo la 3.10 kuna -X warn_default_encoding, inayoonyesha kila mahali msimbo wako unapofungua faili bila kutaja mfumo wa herufi. Imezimwa hadi mtu aiwashe.