Kipimo Hujibu Mahali Kilipochukuliwa

Umepimwa mkojo ukaambiwa huna kisonono. Vema. Lakini mkojo hauwezi kutoa habari za koo, wala za njia ya haja kubwa. (Kaswende ni mbali, hiyo hutafutwa katika damu.)

Watu wa Beni na Butembo walilijua jambo hili kwa uchungu. Katika Ebola ya 2018 hata 2020, mwanamume aliyepona aliweza kuwa na damu safi, na virusi vimebaki katika mbegu zake za kiume, pengine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mbegu zenyewe zilipimwa mwezi kwa mwezi, mpaka yapatikane majibu mawili yasiyo na virusi. Februari 2021 Ebola ilitokea tena karibu na Butembo, na virusi vyake vilikuwa vya ukoo wa ile ya kwanza.

Kisonono cha koo nacho hujificha. Mara nyingi hakiumi. Hata darubini hudanganya hapo, maana kooni hukaa vijidudu vingine visivyodhuru, vyenye sura ile ile. Kipimo kinachotafuta vinasaba, yaani alama ya ukoo wa kijidudu, ni bora. Mashine ya GeneXpert, ambayo ilipima Ebola huko, ina kipimo hicho. Marekani ilikikubali kwa koo na njia ya haja kubwa mwaka 2019.

Basi mwambie daktari kweli, hata ukiona haya, ili apangusie kijiti cha pamba mahali penyewe. Asipojua, atapima mkojo tu, nawe utarudi kwa mwenzi wako na karatasi nzuri mkononi na ugonjwa kooni.