Usafiri wa Jinja: Teksi ya Huku si Teksi ya Kule

Kila muhula wanafunzi wetu wanaopangiwa mazoezi ya kufundisha Jinja hutuuliza mambo mawili: watafikaje shuleni kabla ya kengele, na vyombo watakavyopanda vinaitwaje kwa Kiswahili. Tumeona tuyajibu pamoja, kwani jina likikosewa, safari nayo hukosewa.

Hapa Uganda teksi ni lile basi dogo la abiria 14 linalosubiri kujaa ndipo liondoke. Wakenya huliita matatu, Watanzania daladala. Kwao teksi ni gari dogo la kukodi peke yako, ambalo sisi huliita speshali. Mgeni wetu mmoja kutoka Tanga aliomba "teksi" kwa Kiswahili chake safi, akaoneshwa basi dogo, akakaa ndani karibu saa nzima likijaa. Kipindi tulichomwalika kufundisha kikampita. Kosa halikuwa lake; sisi ndio hatukumwonya.

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilometa 80 hivi. Teksi za Jinja huingia mjini hadi kwenye paki. Zile za Iganga, Mbale au Busia hufuata barabara kuu tu, na ukizipanda utashushwa mahali kama Amber Court, umalizie kwa bodaboda. Basi nauli uliyodhani umeiokoa huishia hapo. Aliyepanga chumba Njeru, ng'ambo ya magharibi ya Nile, ashuke kabla ya kuvuka mto. Amwambie kondakta mapema "maaso awo", yaani hapo mbele. "Shusha" ya Dar es Salaam huenda isimsimamishe mtu.

Zamani magari yalivukia juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954 na sasa linaitwa Nalubaale. Foleni ya malori pale ilikuwa kisingizio cha kila aliyechelewa. Tangu Oktoba 2018 lipo daraja jipya la meta 525, na kisingizio hicho hatukipokei tena. Reli nayo ina daraja lake la 1931, lakini mwalimu asiitegemee kumfikisha kazini.

Ndani ya mji mtategemea zaidi bodaboda. Neno hili lilizaliwa mpakani Busia, waendesha baiskeli walipovusha abiria kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine wakiita "boda, boda!" Leo ni pikipiki, na Kiswahili cha nchi jirani kimelipokea. Patana nauli kabla hujapanda, si mkishafika. Dai kofia ngumu, na ukimkuta dereva ana abiria tayari, mwache aende, hata kama kengele inakaribia kulia. Tunapendelea uchelewe dakika kumi kuliko tukufuate hospitali.

Wanaokwenda muhula huu waandike majina mengine ya vyombo watakayoyasikia kwa Kisoga, wayalete idarani watakaporudi. Tutayachapisha katika toleo lijalo.